Data zisizopatana ni kazi yetu wanaisimu

Tangu miradi ya kukusanya msamiati ilipoanza kutumia simu na kompyuta katika kitivo chetu, lalamiko moja halikomi: data hazipatani. Ubao wa kazi unasema maneno fulani yamehakikiwa, jedwali linasema bado. Kadi moja inaonekana mara tatu. Tarehe ya kukabidhi kazi ni 14 kwa mmoja na 15 kwa mwenzake. Toni zilizoandikwa kwa uangalifu kijijini zinafika chuoni zikiwa zimepotea. Na kila mara jibu ni lile lile: aitwe mtu wa informatiki.

Maoni yangu ni kwamba mtu wa informatiki si wa kwanza kuitwa. Sehemu kubwa ya matatizo haya ni matatizo ya lugha: neno moja lenye maana tatu, kitu kimoja chenye majina manne, herufi mbili zinazofanana machoni lakini si moja. Mambo hayo tunayasoma sisi, tunafanyia mitihani sisi, halafu yakitokea ndani ya programu tunayakimbia kana kwamba ni ya watu wengine.

Nieleze kwanza hali ilivyo, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajaingia katika miradi hii. Kikundi kimoja cha watafiti hutumia programu tatu au nne kwa pamoja. Wakusanyaji walioko uwandani hujaza fomu kwenye simu. Fomu hiyo hufanya kazi hata pasipo mtandao na hutuma majibu siku wanapofika mahali penye mtandao na kununua mega. Wanukuzi na wahakiki hufuatilia kazi kwenye ubao wa kadi: kila neno au kila rekodi ina kadi yake, na kadi huhamishwa kutoka safu ya À faire kwenda En cours, kisha Terminé. Wahariri hufanya kazi kwenye jedwali lenye safu za neno, ngeli, toni, maana na mfano. Mwisho kuna programu ya kamusi yenyewe. Ili mtu asiandike jambo lile lile mara nne, huwekwa kiunganishi, yaani programu ya kati inayosoma mabadiliko upande mmoja na kuyapeleka upande wa pili. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa kusawazisha data.

Neno kiunganishi tunalijua kutoka katika sarufi. "Na", "lakini" na "au" huunganisha vipashio viwili, lakini hazitafsiri kipashio kimoja kwa kingine. Kiunganishi cha programu nacho ni hivyo hivyo. Kinachukua neno "Terminé" kutoka hapa na kuliweka pale. Hakiulizi aliyeliandika alikuwa na maana gani, wala atakayelisoma ataelewa nini.

Imekwisha, kwa nani?

Katika mradi mmoja wa msamiati ambao nimefanya kazi ya kunukuu, baadaye nilipewa jukumu la kulinganisha ubao na jedwali. Hitilafu kubwa kuliko zote haikuwa ya mashine. Wakusanyaji walikuwa wakihamisha kadi kwenda Terminé mara tu walipomaliza kurekodi na kutuma. Kwao kazi ilikuwa imekwisha, na walisema kweli. Wanukuzi walihamisha kadi walipomaliza kuandika neno. Kwao pia ilikuwa imekwisha. Wahariri nao waliposoma Terminé walielewa jambo la tatu: kwamba neno limesomwa tena mbele ya msemaji naye amelikubali. Kiunganishi kilikuwa kimepewa kanuni moja: kila kadi inayofika Terminé, andika "Imehakikiwa" kwenye jedwali. Kilitii. Historia yake yote ilikuwa ya kijani, hakuna kosa hata moja. Lakini maneno ambayo hakuna mzee aliyewahi kusomewa yalikuwa tayari yameingia kwenye orodha ya kuchapwa.

Mwanaisimu akiona jambo hili hapaswi kushangaa. Hapa kuna alama moja inayotumiwa na jamii tatu za wasemaji, na kila jamii ina maana yake. Tena ni alama isiyo na mtenda. "Imekwisha" haisemi nini kimekwisha, wala nani amesema kwamba kimekwisha. Tunapozungumza ana kwa ana muktadha hujaza pengo hilo. Ndani ya kiunganishi hakuna muktadha.

Kinyume chake pia hutokea. Mmoja anaandika "Validé", mwingine "Imesomwa", wa tatu "OK", wa nne "Iko sawa". Ni alama nne, maana moja. Kwa binadamu hazina shida. Kwa kiunganishi ni hali nne tofauti, na pengine zile ambazo hazimo katika kanuni zake kitaziacha bila kusema neno. Mtu anakuja kuuliza kwa nini kadi thelathini hazikuvuka, kumbe zilikuwa zimeandikwa "ok" badala ya "OK".

Dawa ya ugonjwa huu haiandikwi kwa lugha ya kompyuta. Ni orodha fupi ya istilahi ambayo kikundi chote kimekubaliana, na kila hali imetajwa kwa kauli ya kutendwa pamoja na mtenda wake: Imerekodiwa na mkusanyaji. Imenukuliwa na mnukuzi. Imekubaliwa na msemaji. Imepitishwa na mhariri. Majina hayo ni marefu kuliko Terminé, nakubali, lakini hakuna anayeweza kuyaelewa visivyo. Anayepanga kiunganishi sasa anajua kwamba "Imehakikiwa" ya jedwali inalingana na "Imekubaliwa na msemaji" ya ubao, na si kitu kingine.

Sura hubadilika, namba hubaki

Hitilafu ya pili ni ya utambulisho. Viunganishi vingi hupangwa kwa haraka ili vitafute kitu kwa jina lake: tafuta kadi inayoitwa hivi, ibadilishe. Katika kazi ya msamiati jina ndilo neno lenyewe, na neno ndilo kitu tunachokirekebisha kila siku. Mhariri akisahihisha tahajia, kiunganishi hakioni tena jina la zamani, kinaamini neno jipya limezaliwa, na kinatengeneza kadi ya pili. Hapo ndipo kadi zinapozaana.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Chukua Kilingala, ambacho wengi wetu tunakielewa: kokoma ni kuandika, kokóma ni kufika, moto ni mtu, motó ni kichwa. Ikiwa programu moja inapuuza alama ya toni inapotafuta, maneno mawili yanakuwa kadi moja, na maana ya lililokuja baadaye inafuta maana ya lililotangulia. Kadi zilizozidi utaziona ukihesabu. Neno lililomezwa na jirani yake hakuna anayelilalamikia, kwa kuwa halionekani tena.

Taaluma yetu ilitatua tatizo hili kabla kompyuta haijazaliwa. Wilhelm Bleek, katika sarufi yake linganishi iliyoanza kuchapwa mwaka 1862, alizipa ngeli namba, na Carl Meinhof akaendeleza kazi hiyo. Leo Kiswahili kina ki-, Ciluba kina ci-, Kilingala kina e- kama katika eloko, na wote tukisema ngeli ya 7 tunaelewana. Malcolm Guthrie, katika Comparative Bantu iliyotoka kati ya 1967 na 1971, alitoa namba kwa kila mfululizo linganishi wa maneno. Sababu ni moja: sura hubadilika kutoka lugha hadi lugha na kutoka mwandishi hadi mwandishi, kwa hiyo haifai kuwa utambulisho. Namba haina maana yoyote, na kwa sababu haina maana hakuna anayetaka kuisahihisha.

Basi kila neno linalokusanywa lipewe namba siku ya kwanza, kwenye simu ya mkusanyaji, na namba hiyo iandamane nalo kwenye ubao, kwenye jedwali, kwenye kamusi na kwenye jina la faili la sauti. Kiunganishi kitafute kwa namba, kisitafute kwa neno. Neno likifutwa, namba yake isipewe neno jingine.

Herufi mbili, sura moja

Hitilafu ya tatu inatuhusu kuliko watu wengine wote wanaotumia programu hizi, kwa sababu lugha zetu zina toni na wao hawana haja ya kuziandika. Katika Unicode, herufi é inaweza kuandikwa kwa njia mbili: kama alama moja kamili, U+00E9, au kama e ya kawaida ikifuatwa na alama ya toni inayopandishwa juu yake, U+0301. Kwenye skrini huwezi kuona tofauti. Kwa mashine ni maandishi mawili tofauti. Kibodi ya simu ikitoa namna ya kwanza na programu ya kamusi ikitumia ya pili, kiunganishi kitasema kwamba neno limebadilika wakati hakuna aliyeligusa, au kitasema hakilioni wakati liko mbele yetu.

Herufi ɔ́ na ɛ́ hazina njia ya kwanza kabisa. Unicode haikuzipa alama moja kamili, kwa hiyo siku zote ni herufi pamoja na alama ya toni. Programu iliyotengenezwa bila kuzifikiria inaweza kuiacha toni njiani ikabaki ɔ tupu. Suluhisho lipo na lina jina: kikundi kichague namna moja ya kuandika, kwa kawaida ile inayoitwa NFC, na maandishi yote yapitishwe kwenye namna hiyo kabla ya kulinganishwa. Uamuzi huo ni wa othografia. Tunaokaa darasani tukijadili kama toni ya juu peke yake iandikwe au zote ziandikwe ndio wenye haki ya kuuchukua.

Wapo pia wanaofungua faili na kukuta Ã© mahali pa é. Wengi huanza kusahihisha kwa mkono, neno kwa neno. Wasifanye hivyo. Faili halijaharibika: limeandikwa kwa UTF-8 na limefunguliwa kwa usimbaji wa zamani wa lugha za Ulaya Magharibi. Lifungwe bila kuhifadhiwa, lifunguliwe tena kwa kuchagua UTF-8, na é zitarudi zenyewe. Anayesahihisha na kuhifadhi ndiye anayeliharibu kweli, halafu kiunganishi kinausambaza uharibifu huo kwa wote.

Kisha kuna ngeli na tarehe. Sisi tunaandika jozi za ngeli kwa mkwaju: 1/2, 7/8, 9/10. Jedwali lililopangwa kwa Kifaransa likiona 7/8 linaamua kwamba ni tarehe 7 mwezi wa nane, na linaandika 07-août. Kiunganishi kinabeba tarehe hiyo hadi kwenye kamusi, na jina la kitu linakuwa nomino ya mwezi Agosti. Tusicheke peke yetu. Mwaka 2020 wataalamu wa jenetiki walitangaza majina mapya ya jeni kadhaa za binadamu, kwa sababu Excel ilikuwa ikigeuza majina ya zamani, kama SEPT1 na MARCH1, kuwa tarehe. Wao walibadilisha majina. Sisi hatuna haja ya kufika huko: safu ya ngeli itangazwe kuwa maandishi kabla data haijaingia, au jozi igawanywe katika safu mbili, umoja na wingi.

Tarehe zenyewe nazo ni lugha. 03/04 kwa Mfaransa ni tarehe 3 Aprili, kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi, na kiunganishi kinachokutanisha programu ya huyu na ya yule hakina njia ya kujua. Huku mashariki tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Kazi inayopaswa kwisha saa sita kamili usiku tarehe 15 kwetu, kwa mwenzetu wa Kinshasa inaonekana saa tano usiku tarehe 14. Na anayehesabu saa kwa Kiswahili akiandika saa 2 asubuhi, mashine inasoma saa nane ya usiku. Kuandika tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, na saa kwa tarakimu 24, kunamaliza sehemu kubwa ya ugomvi huo.

Nani ana neno la mwisho

Tukishakubaliana maana, namba na herufi, linabaki swali la mamlaka. Watu wawili wakibadilisha maana ya neno moja katika programu mbili, nani anashinda? Viunganishi vingi vina jibu rahisi: aliyeandika mwisho. Jibu hilo linafaa ofisini ambako wote wako mtandaoni mchana kutwa. Kwetu halifai. Mkusanyaji akikaa majuma mawili mahali pasipo mtandao, simu yake inabeba maandishi ya zamani. Wakati huo mhariri amesahihisha. Mkusanyaji anafika mjini, simu inatuma, na ikiwa kiunganishi kinaangalia saa ya kufika badala ya saa ya kuandika, maandishi ya zamani yanafuta mapya. Na simu iliyozimika kwa kukosa umeme ikawashwa na saa iliyopotoka haitasaidia hata ukiangalia saa ya kuandika.

Kanuni ninayoitetea ni kwamba kila safu iwe na mwenyewe mmoja. Sauti na jina la msemaji ni mali ya fomu ya uwandani. Hali ya kazi ni mali ya ubao. Neno, toni, ngeli na maana ni mali ya jedwali la wahariri. Kila programu inaweza kuonyesha mambo ya nyingine, lakini inayoruhusiwa kuyabadilisha ni moja, na mabadiliko yatiririke kutoka kwa mwenyewe kwenda kwa wengine, yasirudi. Kusawazisha pande zote mbili kunavutia sana siku ya kwanza. Lakini huko ndiko unakozaliwa mwangwi: upande wa kwanza unabadilika, wa pili unafuata, kiunganishi kinaona upande wa pili umebadilika na kinaurudishia wa kwanza, na kadi inaendelea "kubadilika" usiku kucha hali watu wamelala. Huko ndiko pia neno lililofutwa linakofufuka, kwa sababu upande mmoja bado unalo na kiunganishi kinadhani upande wa pili umelikosa tu. Programu zilizofikiriwa vizuri huweka alama inayoitwa kaburi: kitu kimefutwa, lakini kumbukumbu ya kufutwa kwake inabaki. Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa mkono kwa kuongeza hali moja: Limeondolewa na mhariri, pamoja na sababu.

Pale ambapo watu wawili lazima waguse sehemu moja, wapewe chombo kinachokiri mgongano. FLEx, programu ya kamusi ya SIL inayotumiwa na wanaisimu wengi wa uwandani, ina njia ya kutuma na kupokea ambayo, watu wawili wakiwa wamehariri sehemu ile ile, huacha taarifa ya mgongano ili binadamu aisome na kuamua. Lakini taarifa isiyo na msomaji haisaidii kitu. Lazima mtu mmoja awe na kazi hiyo.

Majibu kwa wanaopinga

Baadhi ya walimu wetu wanasema turudi kwenye fishi za karatasi. Nawasikiliza kwa heshima, kwa sababu fishi zao bado zinasomeka na faili zetu nyingi za juzi hazifunguki. Lakini boksi la fishi lilipatana kwa kuwa lilikuwa na mwandishi mmoja. Makubaliano yote yalikuwa ndani ya kichwa cha Baba Profesa. Leo kikundi kina watu kumi katika maeneo matatu, na karatasi ikinakiliwa mara mbili nayo huanza kutofautiana. Tuchukue kilicho bora katika fishi: ilikuwa na jina la msemaji, mahali, tarehe na mwandishi, na neno lililokatwa kwa kalamu liliendelea kuonekana chini ya mstari. Hayo yote yanaweza kuwekwa kwenye jedwali.

Wanafunzi wenzangu wanasema tununue kiunganishi cha bei. Huduma nyingi za aina hiyo hulipwa kwa dola kila mwezi, na fedha ya mradi ikiisha kiunganishi kinasimama katikati ya kazi, nusu ya kadi zimevuka na nusu hazijavuka. Tena hata kama fedha ingekuwapo, kiunganishi cha bei kubwa kingebeba ile Terminé yenye maana tatu kwa kasi zaidi.

Wengine wanasema hii si isimu. Nawaomba waangalie tena. Vibao vya programu ni vya Kifaransa, mipangilio ya kiunganishi ni ya Kiingereza, maelezo ya wakusanyaji ni ya Kiswahili, na data yenyewe ni ya Kisanga, Kilega au Mashi. Lugha nne zinakutana katika mstari mmoja wa jedwali. Ni kitivo gani kingine chuoni kilichofundishwa kusimama katika njia panda hiyo?

Na kinachoweza kupotea si kidogo. Kifaransa kikipoteza jedwali moja kuna maktaba nzima za kulitengeneza upya. Lugha ambayo msamiati wake ulioandikwa uko katika jedwali moja haina bima hiyo. Mzee aliyekaa nasi jioni kadhaa na kurudia neno mara tatu ili tusikie toni yake huenda asiwepo mwaka kesho. Tulimwambia kwamba tutamsomea kabla ya kuchapa. Kadi iliyoruka kutoka kurekodiwa hadi kuchapwa kwa sababu ya neno Terminé imeivunja ahadi hiyo kwa niaba yetu, na hakuna aliyeamua kuivunja.

Data zikigombana

Kwa atakayekuta programu mbili hazipatani kesho asubuhi, huu ndio mpangilio ninaoupendekeza. Kwanza simamisha kiunganishi, kwa maana kila dakika kinapoendelea kinaongeza nyayo juu ya nyayo. Pili toa nakala ya pande zote mbili kama zilivyo, pamoja na makosa yake, ziweke kwenye diski. Tatu hesabu: tuseme jedwali lina mistari 400 na ubao una kadi 412, unatafuta kadi 12 zilizozidi, lakini kumbuka kwamba hesabu zikilingana haimaanishi hakuna iliyomezwa. Nne chukua neno moja tu lenye kasoro na ulifuate tangu simu ya mkusanyaji hadi kamusi, ukisoma historia ya kila programu, mpaka uone hatua lilipogeuka. Tano ita kosa kwa jina lake: ni maana, ni utambulisho, ni herufi, ni tarehe, au ni mamlaka? Sita sahihisha kwa mwenyewe wa safu, usisahihishe kwenye nakala, la sivyo kosa litarudi. Saba washa kiunganishi kwa maneno matano tu, yakiwemo yenye toni, yenye ɔ́ na yenye jozi ya ngeli, kabla ya kukifungulia yote.

Hatua hizo saba hazihitaji shahada ya informatiki. Zinahitaji uvumilivu ule ule tunaoutumia kutafuta kwa nini kiambishi kimebadilika mbele ya irabu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwa walimu na viongozi wa kitivo. La kwanza, mradi wowote usiwashe kiunganishi kabla ya kuandika ukurasa mmoja wa makubaliano: hali za kazi na watenda wake, namba za utambulisho, namna ya kuandika herufi na tarehe, na mwenyewe wa kila safu. La pili, ukurasa huo ufundishwe katika somo la leksikografia, na saa za mwanafunzi anayelinganisha data zihesabiwe kama kazi ya utafiti, kama zinavyohesabiwa saa za anayerekodi. La tatu, kila mwisho wa mwezi nakala kamili iwekwe kwenye diski ndani ya labo ya lugha, mikononi mwa asistenti anayejulikana kwa jina, ili mwanafunzi akimaliza masomo na kuondoka, neno la siri lisiondoke naye.

Vikundi vingine vitakwenda uwandani kiangazi hiki. Kabla hawajapanda gari, waketi pamoja na kujibu swali moja kwa maandishi: katika mradi huu, Terminé ina maana gani, na nani anaruhusiwa kuisema?